SOMO LA MIZINGA: NAMNA INDIA ILIVYOPATA MZINGA UNAOJIENDESHA

Neno mzinga lina maana mbili katika Kiswahili. Mzinga wa nyuki ni gogo lililotobolewa tumbo. Mzinga wa vita nao ni bomba la chuma lililotobolewa tumbo. Aliyepata kuingia Ngome ya Yesu kule Mombasa ameiona mizinga ya kale, ambayo kazi yake ilikuwa kukaa mahali pamoja na kungoja adui aje. Mizinga ya siku hizi haingoji. Somo hili laeleza mzinga uitwao hawitza, hasa ule unaojiendesha wenyewe, na namna nchi ya India ilivyohangaika miaka 30 kabla ya kuupata. Katika habari hiyo mna mambo ambayo yampasa kuyafahamu kila mlipa kodi wa nchi yo yote inunuayo silaha ng'ambo.

HAWITZA NI NINI

Bunduki hupiga shabaha ambayo mpigaji anaiona. Hawitza hupiga shabaha asiyoiona. Mtutu wake huinuliwa juu. Kombora hupanda angani, hupinda, kisha hushuka nyuma ya kilima, kama jiwe ambalo mtoto amelirusha juu ya paa la nyumba likaangukia ua wa jirani. Kwa hiyo mpiga mizinga hategemei jicho lake bali hesabu zake. Yampasa ajue umbali, urefu wa mahali aliposimama na wa mahali anapopiga, nguvu za upepo, joto la baruti, uzito wa hewa, hata kiasi cha kuchakaa kwa mtutu wenyewe. Mbele yake, pengine kilomita nyingi, amejificha askari mwangalizi ambaye huona kombora lilipoanguka na kumwambia kwa simu ya upepo asogeze kulia au kushoto, mbele au nyuma.

Kipimo cha mtutu kinachotumiwa na majeshi mengi leo ni milimita 155, karibu inchi 6. Kombora lake lina uzito wa kilo 43 au kuzidi kidogo, yaani karibu nusu ya gunia la mahindi. Yafaa kulinganisha. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walisaidiwa na mizinga ya Kiingereza ambayo kombora lake lilikuwa na uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 tu, na mizinga hiyo ilikokotwa na malori katika matope ya bonde la Kabaw.

Mzinga wa kukokotwa una shida yake. Lori lifike, mzinga ufunguliwe, miguu yake itandazwe, majembe yake ya chuma yakite ardhini ili usirudi nyuma unapopiga. Na wakati wa kuondoka kazi yote hiyo ifanywe tena kinyumenyume. Zamani dakika hizo zilivumilika. Leo hazivumiliki, kwa sababu kuna rada ambazo huliona kombora lingali hewani, na mashine ya hesabu huifuata njia yake kurudi nyuma mpaka mahali lilipotoka. Dakika chache baadaye aliyepiga anapigwa yeye. Ndiyo maana sheria ya wapiga mizinga wa siku hizi imekuwa ya maneno mawili: piga, hama.

Mzinga unaojiendesha ulibuniwa kwa ajili hiyo. Upo wa namna mbili. Mmoja umepandishwa juu ya lori la magurudumu. Huu ni mwepesi na hukimbia vizuri barabarani, na bei yake kwa kawaida ni ndogo. Jeshi la Kenya ni mojawapo ya majeshi yaliyonunua mzinga wa namna hiyo, uitwao Nora, kutoka nchi ya Serbia. Namna ya pili huenda kwa minyororo ya chuma kama kifaru, na askari wake hukaa ndani ya nyumba ya chuma inayowakinga na vipande vya makombora. Kwa macho waweza kudhani ni kifaru hasa. Si kifaru, na jemadari akiutumia kama kifaru ataupoteza mapema, maana chuma chake si kinene vya kutosha kupambana na vifaru uso kwa uso.

MZINGA WA KOREA

Miongoni mwa mizinga ya minyororo, ulionunuliwa sana katika miaka hii ni ule wa Korea ya Kusini uitwao K9. Uliingia katika jeshi la Korea mwaka 1999. Uzito wake ni tani 47. Injini yake, ambayo asili yake ni ya Kijerumani, ina nguvu ya farasi 1,000, nao huweza kukimbia kilomita 67 kwa saa. Ndani yake hukaa watu 5 na makombora 48. Ukiamriwa kupiga kwa ghafula hutoa makombora 3 katika sekunde 15, kisha waweza kuendelea na makombora 6 kila dakika kwa dakika 3.

Juu ya umbali msomaji ajihadhari na matangazo ya wauzaji. Mzinga huo huo ukipewa kombora la aina ya zamani hufika kilomita 18. Ukipewa kombora jipya lenye kifaa nyuma yake cha kupunguza uvutano wa hewa, hufika karibu 40, kama kwamba mtu amesimama katikati ya Nairobi akapiga shabaha iliyo karibu na Thika. Anayenunua mzinga bila kununua makombora mema amenunua nusu ya mzinga, tena nusu iliyo ghali.

Mzinga huu ulijaribiwa na vita vya kweli tarehe 23 Novemba 2010, pale Korea ya Kaskazini ilipokipiga kwa makombora kisiwa cha Yeonpyeong. Watu 4 waliuawa, askari 2 na raia 2. Kisiwani kulikuwa na mizinga 6 ya K9. Kati ya hiyo, ni 3 tu iliyoweza kujibu mwanzoni: mmoja ulikuwa na kombora bovu lililokwama katika mtutu wakati wa mazoezi, na mingine vyombo vyake viliharibiwa na mapigo ya adui. Zilipita dakika kama 13 kabla ya jibu la kwanza, na jumla ya makombora yaliyorudishwa yalikuwa 80. Baadhi ya Wakorea walikasirika sana. Lakini ajuaye mashine atasema kwamba mizinga ile, ijapokuwa ilipigwa kwanza, askari wake walikingwa ndani ya chuma wakaweza kupiga. Na atasema pia kwamba mashine yenye vyombo vingi vya umeme ina njia nyingi za kuharibika.

Korea imetajwa kwanza kwa kuwa ndiko India ilikokwenda kununua mwishowe. Walakini habari za India zaanzia Uswidi.

MKATABA WA 1986

Mwezi wa Machi 1986 Serikali ya India, chini ya Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, ilifanya mkataba na kampuni ya Bofors ya Uswidi kununua mizinga 410 ya milimita 155. Bei yake ilikuwa rupia bilioni 14.37. Mzinga wenyewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa kukokotwa, lakini ulikuwa na injini ndogo yake ambayo iliuwezesha kujisogeza mwendo mfupi baada ya kupiga. Kwa maneno mengine, ulikuwa umekwisha kuanza kujifunza kutembea. Pamoja na mizinga, mkataba uliipa India michoro ya kiwanda, ili siku za mbele iweze kutengeneza yake yenyewe.

Serikali ilikuwa imekataza madalali katika biashara hiyo. Mwezi wa Aprili 1987 Redio ya Uswidi ilitangaza kwamba kampuni ililipa hongo ili kupata mkataba. Fedha zilizotajwa baadaye katika mashtaka zilikuwa rupia milioni 640. Ukigawanya bei ya mkataba kwa mizinga 410, waona kwamba fedha hizo zingeweza kununua mizinga 18 hivi. Kelele zikajaa katika Bunge na magazetini, na katika uchaguzi wa 1989 chama cha Gandhi kikashindwa. Kesi iliburutwa miaka mingi. Rajiv Gandhi aliuawa mwaka 1991, na mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Delhi ikamwondolea mashtaka ya rushwa, naye amekwisha kufa.

Hayo ni mambo ya siasa. Lililowapata wapiga mizinga halikuandikwa sana. Kampuni ilipigwa marufuku, na pamoja nayo njia ya kupata vipuri ikazibwa. Kipande kikivunjika katika mzinga mmoja, mafundi waliufungua mzinga mwingine na kutoa kipande chake ili wa kwanza uweze kupiga. Mwenye matatu mbili anayefanya hivyo ajua mwisho wake: baada ya muda ana moja. Michoro nayo, ambayo ilikwisha kulipiwa, ikawekwa kabatini. Hakuna ofisa aliyetaka kuigusa, maana jina la Bofors lilikuwa kama ugonjwa wa kuambukiza. Kumwadhibu mwenye hatia ni haki. Lakini kujinyima faida ya kitu ambacho umekwisha kukilipia, hiyo si adhabu ya mwuzaji, ni adhabu ya mnunuzi.

VITA VYA KARGIL

Mwezi wa Mei 1999 iligunduliwa kwamba majeshi ya Pakistan yamepanda na kushika vilele vya milima karibu na Kargil, katika Kashmir, juu ya barabara itokayo Srinagar kwenda Leh. Baadhi ya vilele vile vina urefu wa karibu meta 5,000, kama Mlima Kenya. Kutoka kule juu askari waliona kila lori lililopita barabarani, na waliona pia mizinga ya India ilipowekwa, wakaipiga.

Jenerali V. P. Malik, mkuu wa jeshi la India wakati ule, alitamka hadharani kwamba watapigana na vile walivyo navyo. Walivyokuwa navyo ni hiyo mizinga ya Bofors iliyolaaniwa. Ikaletwa hata karibu na Drass, na mahali pengine mitutu ililazwa ikapiga vilele moja kwa moja kwa macho, jambo ambalo hawitza haifanyi kwa desturi. Tena ilionekana kwamba katika milima ile hewa ni nyembamba, kombora halipati kizuizi kikubwa, nalo huruka mbali kuliko ilivyoandikwa katika vitabu; hesabu zote zikalazimika kurekebishwa palepale. Kilele cha Tiger Hill kilichukuliwa tarehe 4 Julai baada ya mizinga mingi kukipiga kwa pamoja, na askari wa miguu wakapanda usiku kwa kamba. Kabla vita havijaisha India ilikuwa imetumia makombora, mabomu na roketi kadiri ya 250,000, na ililazimika kukimbilia nchi za nje kutafuta mengine. Askari wake 527 walikufa.

Kwa vita hivyo Wahindi wengi walibadili moyo juu ya mzinga ule. Katika mwaka huo huo jeshi lilifanya mpango mkubwa wa kupata mizinga mipya zaidi ya 2,000 ya milimita 155: ya kukokotwa, ya malori, ya minyororo, na myepesi ya kubebwa na helikopta.

ZABUNI JUU YA ZABUNI

Mpango kuandikwa ni jambo moja. Wakati huo ulikuwako mradi uitwao Bhim, ambao ulikusudia kuchukua nyumba ya mzinga kutoka kampuni ya Denel ya Afrika ya Kusini na kuipandisha juu ya kifaru cha Kihindi. Mwaka 2005 kampuni hiyo ikatuhumiwa mambo ya rushwa katika biashara nyingine, ikafungiwa, na Bhim ikafa. Zabuni nyingine zilitangazwa zikafutwa, zikatangazwa tena. Mwaka 2012 kampuni 6 zikakatazwa kwa pamoja kufanya biashara na jeshi kwa miaka 10. Mara nyingine kati ya wauzaji waliobaki alikuwa mmoja tu, na sheria haikuruhusu kununua pasipo mashindano. Maofisa vijana walioingia jeshini wakati wa Bofors wakawa majemadari, wengine wakastaafu, bila kuona mzinga mpya hata mmoja.

Usafi uliokusudiwa ulikuwa wa kweli, na hakuna mtu mwenye akili apendaye hongo. Lakini dawa ilipimwa vibaya. Kampuni zilifungwa mlango, na adui hakufungwa.

VAJRA

Mwishowe mzinga wa K9 ulishindanishwa na mzinga wa Kirusi mwaka 2013 na 2014, katika jangwa la Rajasthan, ambako joto hupasua midomo na mchanga huingia katika kila tundu. Mzinga wa Korea ulishinda. Mwaka 2017 mkataba ukatiwa sahihi wa mizinga 100, kwa rupia kama bilioni 45. Safari hii mkataba haukufanywa moja kwa moja na mgeni. Ulifanywa na kampuni ya Kihindi, Larsen & Toubro, ambayo ilishirikiana na Wakorea wa Hanwha. Mizinga 10 ya kwanza ilitoka Korea. 90 iliyobaki iliundwa katika kiwanda kipya kule Hazira, katika jimbo la Gujarat, na viwanda vidogo vya majimbo mengine vilipewa kazi ya kutengeneza vipande vyake. Mzinga ukapewa jina la Vajra, ambalo kwa Kisanskriti ni silaha ya radi ya mungu Indra.

Tarehe 9 Novemba 2018, katika chuo cha wapiga mizinga cha Deolali, mizinga ya kwanza ilikabidhiwa kwa jeshi. Siku hiyo hiyo ilikabidhiwa pia mizinga myepesi ya Kimarekani ya M777, ambayo India iliagiza 145 mwaka 2016. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: kampuni ya Kiingereza itengenezayo M777, BAE Systems, ndiyo iliyokuwa imekwisha kuinunua idara ya mizinga ya Bofors. Mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa nyuma.

Mzinga wa 100 ulitoka Hazira mwezi wa Februari 2021. Waliounda mpango walikuwa wameukusudia kwa nchi tambarare na jangwa, upande wa Pakistan. Lakini mwezi wa Juni 2020 askari wa India na wa China walikuwa wamepigana kwa mawe na marungu katika bonde la Galwan, huko Ladakh, na askari 20 wa India wakafa. Mwaka 2021 mizinga mitatu ya Vajra ikapandishwa Ladakh kujaribiwa, na kabla ya mwaka kwisha ikafuata rejimenti nzima, mahali pa urefu wa meta 4,000 na zaidi. Chombo kilichochaguliwa kwa joto la jangwa kikakutana na baridi inayogandisha mafuta ndani ya injini. Ilipasa kutafuta betri za namna nyingine, mafuta mengine ya kulainisha, na vifaa vya kupashia moto. Kwa sababu kiwanda kilikuwa nchini, kazi hiyo haikungoja meli kutoka ng'ambo.

Tarehe 20 Desemba 2024 Serikali ilitia sahihi mkataba mwingine wa mizinga 100, kwa rupia zaidi ya bilioni 76. Msomaji ataona kwamba bei ya mzinga mmoja imepanda kutoka rupia milioni 450 hivi hadi zaidi ya milioni 760 katika muda wa miaka 7. Kutengeneza nyumbani hakukuufanya mzinga uwe rahisi. Watu wengi hudhani ndiyo faida yake, si hiyo. Faida ni kwamba kipande kikivunjika, aitwaye ni fundi wa Gujarat.

MICHORO YA KABATINI

Ile michoro ya Uswidi nayo ilitolewa kabatini baada ya miaka zaidi ya 20. Katika kiwanda cha Serikali kule Jabalpur mafundi waliisoma, wakarefusha mtutu, wakaongeza vyombo vya kisasa vya kulengea, na kutoka hapo wakaunda mzinga mpya wa kukokotwa uitwao Dhanush, maana yake upinde. Mizinga 6 ya kwanza ilikabidhiwa kwa jeshi tarehe 8 Aprili 2019. Hufika kilomita 38, mbali kuliko mama yake.

Mama mwenyewe hajastaafu. Mwaka 2020, mambo ya China yalipochafuka, mizinga ya Bofors ilipelekwa Ladakh kabla ya Vajra kufika, na mafundi wa jeshi waliifungua, wakaisafisha na kuifunga tena, tayari kwa kazi. Baadhi ya mafundi hao walikuwa hawajazaliwa wakati mkataba wake ulipotiwa sahihi.